Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na utamaduni: aliyetunga tuni ya wimbo wetu wa taifa alikuwa mwalimu wa shule, mwandikeni jina

Waheshimiwa wote mnaoshika mitaala, vitabu vya shule na mambo ya utamaduni, salaam. Kwa mlionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jumapili ni mwalimu wa kwaya, zaidi ya hapo sina cheo, kwa hiyo barua hii haina mhuri wala kumbukumbu namba. Nimeiweka hadharani kwa sababu ningeiweka kwenye bahasha najua ingelala masijala mpaka nistaafu. Nina ombi moja, na nyuma yake kuna kaombi kengine kadogo ambako nitakafikia.

Kila asubuhi nchi nzima watoto wanasimama paredi, mwalimu wa zamu anapita na kuangalia kucha na sare, bendera inapanda, kiranja anaanzisha wimbo (mara nyingi anaanzia juu mno, wakifika katikati wavulana wote wanakaa kimya) na shule nzima inaimba Mungu ibariki Afrika. Sasa baada ya hapo mkamate mtoto yeyote wa darasa la saba muulize nani alitunga huu wimbo. Atakwambia Nyerere. Mwingine atakwambia wazungu. Ukienda ofisi ya walimu ukauliza swali hilohilo utaona watu wanaangaliana, halafu mmoja atasema si ule wa South Africa ule, basi inaishia hapo.

Anaitwa Enoch Mankayi Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwalimu wa kwaya, kafa ana miaka kama 32, na alifariki mwaka 1905, yani hata ANC, chama cha kudai haki za watu weusi wa Afrika Kusini, kilikuwa hakijaundwa. Ndo huyu tunaimba tuni yake kila siku ya Mungu na jina lake hatuna.

Naomba mnivumilie nimueleze kidogo kwa sababu naamini wengine kati yenu mnalisikia hili jina leo.

Kazaliwa mnamo 1873 mji wa Uitenhage, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, Mxhosa. Ualimu kausomea Lovedale, ile shule kubwa ya wamisionari wa Scotland ambayo imezalisha wasomi wengi weusi wa kizazi kile. Mwaka 1896 akapangiwa kituo, akaenda shule ya misheni ya Wamethodisti eneo la Nancefield karibu na Johannesburg. Hebu piga picha Johannesburg ya wakati ule, dhahabu imegunduliwa 1886, kwa hiyo mji una miaka kumi tu tangu uanze, wanaume wametolewa vijijini kutoka kila upande wa kusini mwa Afrika wamerundikwa kwenye kambi za migodi, makabila yamechanganyika, lugha zimechanganyika, pombe, vifo vya mashimoni, polisi wa pasi (vile vibali ambavyo mtu mweusi alilazimishwa kutembea navyo). Mwalimu kijana wa miaka 23 katua hapo na chaki yake.

Alichofanya ni kile ambacho mwalimu yeyote wa kwaya angefanya, alitunga nyimbo za watoto wake wa shule. Maneno yeye, tuni yeye, na hakuwa anatunga moja kwa mwaka, waliomjua wamesimulia kwamba alikuwa anatunga karibu kila wakati. Anaandika solfa (zile noti za do re mi zinazoandikwa kwa herufi) kwenye karatasi yoyote anayoipata kwa sababu uchapaji hakuwa na uwezo nao, baadaye akawa anazikusanya kwenye daftari akiwa na nia siku moja zichapwe kitabu. Pamoja na hayo alikuwa anapiga picha za kamera, anahubiri kama mhubiri mlei, anaandika mashairi. Alioa binti wa mchungaji, Diana Mgqibisa, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Nyimbo zake inasemekana nyingi zilikuwa za huzuni, za shida za watu weusi pale Johannesburg, lakini watu walizipenda kweli.

Mwaka 1897 ndo alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika, yani Mungu ibariki Afrika kwa Kixhosa. Ana miaka 24! Mwaka 1899 ukaimbwa mara ya kwanza hadharani kwenye ibada ya kumbariki mchungaji mmoja wa Kimethodisti, na mwaka huohuo mwezi wa kumi vita ya Waingereza na Makaburu ikalipuka. Ukiusikiliza vizuri utaona kabisa ni kazi ya mwalimu wa shule. Mistari mifupi, inajirudia, hairuki juu sana, besi inatembea hatua ndogondogo, yani umetengenezwa ili mtoto asiyejua kusoma nota aushike ndani ya kipindi kimoja. Watu wenye diploma za muziki huwa wanauona wimbo mwepesi mno. Mimi nimefundisha kwaya muda mrefu nawaambia kutunga wimbo mwepesi ambao watu elfu hamsini uwanjani wanaimba sauti nne bila mtu kuwaongoza na usichuje baada ya miaka mia na ushee, hiyo wengi wetu hatuiwezi.

Kuna wanaosema eti tuni kaichukua kwenye wimbo wa kanisa wa Joseph Parry wa Wales, unaitwa Aberystwyth. Mimi nimezipiga zote mbili kwenye kinanda, ile ya Parry iko kwenye maina (skeli ya huzuni), inalia toka mwanzo mpaka mwisho, hii ya Sontonga iko meja. Kwamba alisikia nyimbo za kizungu na akajifunza namna ya kupanga sauti humo, sawa, nani hakujifunza humo? Lakini kuiba sikioni kwangu haipo.

Nizungumzie kidogo solfa kwa sababu ndo moyo wa habari hii na ndo inayotuunganisha sisi na yeye. Mnaijua, hata kama mmeisahau: d r m f s l t, nukta mbili kutenganisha mapigo, mstari wa wima kufunga bari, kistari pale sauti inapovutwa, alama ndogo chini ya herufi kama noti ni ya chini. Ilianzia Uingereza kwa mwalimu mmoja mama wa mji wa Norwich, Sarah Glover, halafu John Curwen akaiboresha na kuisambaza karne ya 19. Wamisionari waliipenda kwa sababu moja ya kihela kabisa, haihitaji mistari mitano wala vichwa vya noti, mtambo wowote wa kuchapa wenye herufi za kawaida unaichapa, na kama hakuna mtambo basi penseli inatosha. Ndo maana ikaenea Rasi, ikaenea Natal, ikafika mpaka huku kwetu, na mpaka leo ukiingia mazoezi ya kwaya iwe Songea, Bukoba au Moshi utamkuta mwalimu anaandika solfa ubaoni. Daftari la Sontonga ukilifungua leo, kama lingekuwepo, mwalimu wa kwaya wa Njombe angeimba papo hapo bila kufundishwa chochote isipokuwa matamshi ya Kixhosa.

Kama lingekuwepo. Kwa sababu halipo.

Alifariki tarehe 18 Aprili 1905. Daftari likabaki kwa mjane, kwaya mbalimbali zikawa zinakuja kuazima, leo hii anachukua huyu kesho yule, na kila mtu aliyewahi kuazimisha daftari la nyimbo anajua mwisho wake. Likapotea. Nyimbo zote zile za mtu aliyekuwa anatunga bila kupumzika, umebaki mmoja tu ambao dunia inaujua. Inaelezwa pia kwamba mama Diana aliuza haki za ule wimbo kwa peni sita. Peni sita jamani. Akafariki 1929.

Linganisheni na mtu mwingine wa Lovedale hukohuko, John Knox Bokwe, naye mtunzi, yeye alifanya kazi pale misheni penye mtambo wa kuchapa, mwaka 1885 nyimbo zake zikatoka kitabu kwa jina lake. Za Bokwe zipo mpaka leo. Sisemi Bokwe hakustahili, alistahili sana, nasema tu kipaji walikuwa nacho wote wawili ila mmoja alikaa jirani na mtambo.

Huo mmoja uliobaki nao haukubaki kwa jitihada za ofisi yoyote, ulibebwa na walimu wengine. John Dube alikuwa na shule yake Ohlange kule Natal, kwaya ya shule ile ikawa inauimba kwenye matamasha Johannesburg. Tarehe 8 Januari 1912 pale Bloemfontein, siku kinaanzishwa chama ambacho baadaye kikaitwa ANC, waliuimba baada ya sala ya kufunga, na Dube ndo alichaguliwa rais wa kwanza. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje akaurekodi kwenye sahani ya santuri London, piano ikipigwa na Sylvia Colenso. Mwaka 1925 ANC wakaufanya wimbo wao rasmi. Mwaka 1927 mshairi Mqhayi akaongeza beti saba, ukachapwa. Yani mwenyewe Sontonga yuko kaburini miaka 22 na ndo kwanza wimbo umekamilika.

Halafu kaburi lenyewe. Hapa ndo mimi huwa nashindwa kuelewa binadamu tulivyo. Mpaka miaka ya 1990 hakuna aliyejua kalala wapi! Wimbo umeshakuwa wimbo wa taifa wa Tanganyika, wa Zambia, Zimbabwe wameutumia mpaka 1994, Namibia wameutumia walipopata uhuru, na Afrika Kusini kwenyewe 1994 umetangazwa rasmi, mtunzi hajulikani alipozikwa. Serikali ya Mandela ikaagiza atafutwe. Wakachimbua rejesta za makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, wakatafuta Sontonga, Sontonga, hayupo. Kumbe aliandikwa kwa jina la ubatizo tu, Enoch, upande wa makaburi ya Wakristo weusi. Karani wa makaburi wa 1905 hakuona haja ya kuandika ubini wa mtu mweusi. Ndo wakampata. Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi likatangazwa mnara wa taifa, Mandela mwenyewe akaenda kuzindua mnara, na nishani ikatolewa kwa familia yake. Miaka 91 baada ya kufa.

Kwa hiyo wenzetu wa kusini wamechelewa lakini wamefanya. Sisi je?

Sisi tumeimba hii tuni kama wimbo wa taifa tangu Disemba 9, 1961. Tumewatangulia Afrika Kusini wenyewe miaka 33. Fikiria hilo jambo vizuri, kuna miaka zaidi ya thelathini ambayo kijana wa Soweto akiimba kazi ya Sontonga ya kwao anaonekana mpinzani wa serikali, wakati mtoto wa Tabora anaiimba amevaa sare, mwalimu amesimama wima, bendera inapepea. Tulikuwa tumeitunza kwa niaba yao. Na pale Mazimbu, Morogoro, ardhi ile waliyopewa ANC 1977 wakajenga shule ya watoto wa wakimbizi na wapigania uhuru, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa kwao tarehe 6 Aprili 1979, wale vijana hawakuhitaji kufundishwa tuni ya wimbo wa taifa wa wenyeji wao, ilikuwa ni yao. Wao wana maneno yao, mkulima wa jirani ana ya Kiswahili, tuni ni moja ya mwalimu mmoja. Wamerudi kwao, majengo sasa ni kampasi ya chuo kikuu cha Sokoine, na makaburi ya waliofia pale bado yapo. Hii historia iko Morogoro, sio mbali, lakini hata watoto wa Morogoro wenyewe hawaunganishi vitu viwili hivi.

Sasa ombi langu ndo hili. Kila kitabu cha kiada kinachochapa maneno ya wimbo wa taifa, mara nyingi huwa jalada la ndani au ukurasa wa mwanzo, chini ya maneno wekeni mstari mmoja: Tuni imetungwa na Enoch Sontonga, mwalimu, 1897. Basi! Mstari mmoja wa maandishi madogo. Taasisi ya Elimu Tanzania ndo inaandika na kutoa vitabu vya kiada kwa shule za msingi, kwa hiyo hamhitaji kumbembeleza mchapaji yeyote. Na kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili, pale mnapoeleza alama za taifa, bendera rangi hii maana yake hii, ngao ya taifa bibi na bwana, mwenge, mkifika kwenye wimbo msiishie kusema wimbo wa taifa una beti mbili. Semeni ulitoka wapi, nusu ukurasa inatosha, mtoto ataelewa uhuru wa Afrika ulikuwa kitu kimoja kuliko atakavyoelewa kwa kukariri tarehe za mikutano.

Najua majibu yatakayokuja, nimekaa kwenye vikao vya kutosha.

Moja litasema mtu mwenyewe si Mtanzania. Ni kweli na ndo utamu wenyewe. Nchi iliyobeba wapigania uhuru wa nusu ya bara hili haiwezi kuona aibu kusema wimbo wetu katunga ndugu yetu. Wakenya wametutangulia hata kwenye hili, wimbo wao wa taifa tuni imetoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, aliyewaimbia ile tuni anajulikana, Mzee Meza Moroa Galana, na wanamuziki waliokaa kuipanga mwaka 1963 wanajulikana majina, akina Senoga-Zake na Washington Omondi na wenzao. Na katika hao Senoga-Zake kazaliwa Uganda. Hakuna Mkenya aliyepungukiwa kitu.

Lingine litasema kuna suala la hakimiliki, tukiandika jina familia itakuja kudai. Waheshimiwa, marehemu ana zaidi ya miaka mia moja na ushee chini ya ardhi, hakimiliki ilishakwisha zamani, hamtadaiwa hata peni sita. Nasema hivi kwa sababu najua kesi ya Uganda imewatia watu uoga. George Wilberforce Kakoma, mwalimu wa muziki, ndo alitunga wimbo wa taifa wa Uganda 1962, akasema alichopewa ni shilingi 2,000, uzeeni akaenda mahakamani kuidai serikali yake, akafariki 2012 hajapata alichokuwa anakidai. Lakini yule alikuwa hai na anadai hela. Huyu wetu anatudai sisi, na deni lenyewe linalipwa kwa wino.

La tatu ni kwamba mtaala umejaa. Hili silijibu, kama mtaala hauna nafasi ya mstari mmoja basi tatizo si Sontonga.

Sasa kale kaombi kadogo. Kwa kweli kadogo kwa maneno tu.

Hawa akina Sontonga wapo kwetu leo, sasa hivi, wanakufa na madaftari yao. Mwalimu aliyenifundisha mimi solfa, jina lake naliacha kwa sababu familia ipo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini maisha yake yote, mshahara wa kawaida, viatu jozi moja. Alikuwa na kaunta buku nne, zile nene za kurasa nyingi, amezijalidi na gazeti na kushona mgongo kwa uzi wa kiatu. Ndani humo nyimbo kibao, za kanisa, za mei mosi, za kampeni ya kusoma na kuandika ya watu wazima, za kuaga darasa la saba, za ng'ombe kwenda josho (nisiwadanganye, kulikuwa na wimbo wa josho na ulikuwa na besi nzuri kuliko nyimbo nyingi ninazosikia redioni). Sauti nne zote, kalamu ya bluu maneno, nyekundu solfa, juu kulia tarehe na mahali, juu kushoto herufi mbili za jina lake. Alipofariki vitabu vikabaki kwenye sanduku, mvua ikaingia, vilivyopona vikaenda kwa mama mmoja pale senta anayeuza karanga. Mimi nimenunua karanga za shilingi mia, nikafungua ile koni ya karatasi, nakuta alto na teno ya wimbo wa mavuno, mwandiko wake. Nikamuuliza mama umebakiwa na ngapi akasema mwanangu hizo ndo za mwisho, zilikuwa karatasi nzuri ngumu hazilowi mafuta.

Simlaumu yule mama hata kidogo, karatasi ni karatasi. Nani alikuwa amemwambia kuna kitu humo?

Na msidhani ni yeye peke yake. Kila wilaya ina watu wawili watatu wa aina hii. Walimu wa UPE (ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote), makatekista, wainjilisti, walimu wa kwaya za shule na za majeshi, wametunga nyimbo ambazo tumezaliwa tumezikuta, tunaziimba harusini na misibani, na ukiuliza nani katunga unaambiwa ni wimbo wa zamani, yani kama vile ulidondoka mbinguni. Wachache wenye bahati majina yao yamebaki, kama Padri Stephen Mbunga na Misa Baba Yetu yake ya 1959, hao walichapwa. Siku hizi wakatoliki angalau kuna vijana wamefungua maktaba ya nota mtandaoni, watunzi wanapandisha nyimbo zao zikiwa na jina, mtu wa Kigoma anapakua wimbo wa mtu wa Mbulu na jina la mtunzi linakuja juu ya karatasi. Imefanywa na vijana kwa bando zao, sio na ofisi yenye bajeti.

Kwa hiyo nawaomba wenye utamaduni, tumieni maafisa utamaduni mlionao wilayani. Wapo, ofisi wanazo, kazi yao kubwa ninayoiona ni kupanga ngoma za kupokea mwenge na wageni. Wapeni simu yenye kamera nzuri na orodha ya walimu wastaafu ambayo halmashauri inayo tayari, wapite nyumba kwa nyumba wapige picha kila ukurasa wa kila daftari la solfa watakaloliona, waandike jina la mtunzi kamili, jina na ubini, sio Enoch tu kama yule karani wa Braamfontein, na mwaka na kijiji, halafu wanarudisha daftari kwa mwenyewe palepale. Msichukue madaftari! Nasisitiza hili, daftari la Sontonga lilipotea kwa kuazimwa na mimi siziamini kabati za serikali. Picha zitunzwe Nyaraka za Taifa, nakala ipelekwe vyuo vyenye idara za muziki kama chuo kikuu cha Makumira na chuo cha sanaa TaSUBa Bagamoyo, wanafunzi wa pale watafute za kuzipanga na kuzirekodi, watapata kazi ya mwaka wa tatu bila kuhangaika kutafuta mada. Gharama yake haifiki hata semina moja ya siku mbili yenye posho na chai.

Wazee wenyewe wana miaka sabini na kitu, themanini, wengine macho yameshaisha lakini solfa wanazo kichwani, ukianza kuwaimbia soprano wanakupokea besi hapohapo kitandani. Mkisema tutaliweka kwenye mpango wa miaka mitano ijayo mtawakuta hawapo.

Mimi kwa upande wangu hapa shuleni nimeanza bila kusubiri waraka. Darasa la tano nimewaandikia jina la Sontonga ubaoni, nimewaeleza habari ya kaburi, mtoto mmoja akauliza kama alikuwa anachapa fimbo. Nimemjibu hilo halijaandikwa popote. Wakubwa mkitaka kuanza na kitu chepesi kabisa, Aprili 18 ni siku aliyofariki, ni siku nane kabla ya sherehe za Muungano na watu wa gwaride huwa wanaufanyia wimbo wa taifa mazoezi kipindi hichohicho. Mwambieni tu msherehesha, kabla bendi haijapiga, ataje jina la mtunzi kwenye kipaza sauti. Sekunde tano.

Nasubiri majibu, hata ya kukataa nitayapokea.

Wenu,
Mwalimu wa darasa la tano na kwaya